King'ora cha Saa Kumi

Juzi binti yangu alileta homuwaki: apake rangi picha ya mtetezi wa wafanyakazi. Nikakumbuka alasiri moja kule Elburgon, darasa letu likinuka uji na mbao mbichi.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kuhusu Mzee Njuguna wa kiwanda cha mbao, aliyeongoza wenzake kugoma mpaka wakapata king'ora cha saa kumi, cha kwenda nyumbani. Kabla ya hapo, baba, aliyefanya kazi kiwandani humo, alikuwa akirudi nikiwa nimelala. Nilimjua zaidi kwa harufu ya mbao iliyobaki kwenye blanketi.

Mimi nilielewa kwamba mzee anakipuliza kwa mdomo. Kila kilipolia, nilimpungia mkono kwa mbali.

Siku hiyo mzee alikuja mwenyewe kutusalimia. Akiwa bado ameketi mbele yetu, king'ora kikalia. Nilishtuka, nikaanza kulia.

"Sasa nani anapuliza?"

Darasa lilicheka. Mzee hakucheka.

"Leo nimemwachia baba yako," akasema.

Siku hizi najua kilikuwa cha stima, si cha kupulizwa, na baba hakuwahi hata kukigusa. Lakini nilitoka mbio nikampata njiani, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi.

"Baba, ni wewe umepuliza king'ora? Mashavu hayaumi?"

Alinitazama, akamtazama Mzee Njuguna aliyekuwa akija nyuma yangu, kisha akajisugua mashavu polepole.

"Yanauma kidogo," akasema. "Lakini kesho nitapuliza tena."