Nilivyopokea cheti cha useremala juu ya sanda yangu mwenyewe

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nina kisa cha kweli. Mimi huwa naongeza chumvi, hata watoto wangu wanajua, ila hiki kilikuja na chumvi yake. Shule sikukaa, natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo ukikuta herufi imelala iamshe tu uendelee.

Jumapili tulikutana wanadarasa tuliobaki, Masuguru pale Korogwe, nyumbani kwa Yohana. Jamani tumezeeka! Meno yetu wote ukiyachanga hayamalizi muwa mmoja. Tukakumbushana mambo ya chuo, tukacheka mpaka mke wa Yohana akatishia kutumwagia maji.

Sasa sikieni.

Enzi za Ujamaa, kijijini kwetu Kang'ata, Handeni, ikaja nafasi. Kijiji kipeleke kijana mmoja chuo cha wananchi, asomee useremala, akirudi atengeneze madawati na milango. Kikao kikanichagua mimi. Sifa yangu ilikuwa moja, nilichonga mpini wa jembe na haukuvunjika.

Baba yangu, Mzee Athumani, akawaka. Kwetu wakati ule ukisema chuo, watu wanajua cha Kurani.

"Chuo si ulimaliza wewe? Juzuu umehitimu, na wali tulipika. Chuo gani tena cha kukwangua mbao?"

Akaapa mbele ya kikao kwamba huko mguu wake haukanyagi. Asubuhi naondoka, alinipa mgongo. Wakuu, mgongo ule nilikaa nao miaka yote miwili. Nikilala naona mgongo, nikiamka naona mgongo.

Chuoni nikapangiwa kitanda jirani na Yohana, Mshambaa wa Lutindi, katoka milimani na blanketi zito kama ng'ombe. Huyu bwana akikoroma, misumari ya bati inatoka yenyewe. Mimi aliniita mbuya, ndiyo rafiki kwa Kishambaa, na mpaka leo ni mbuya.

Maisha yenyewe: alfajiri mchakamchaka, halafu jembe, halafu randa. Mchana ugali maharage, jioni maharage ugali, tusichoke. Maharage yale tuliyazoea mpaka tukawa tunaitana kwa majina.

Stuli ya kwanza ya Yohana ilikuwa na miguu minne, kila mguu na kabila lake. Fundi wetu akaikalia, ikamtupa. Tulicheka wiki nzima, na yeye Yohana ndiye kiongozi wa kicheko.

Mwisho ukafika. Fundi akasema kila mmoja atengeneze kitu cha kuonyesha siku ya mahafali. Nikachonga kiti cha mninga, chenye mikono. Kipimo sikumuuliza mtu. Kimo cha baba nilikuwa nacho kichwani.

Fundi akakipenda. "Hiki atakikalia mgeni rasmi, Shabani. Sherehe ikiisha kichukue."

Mimi moyoni nataka akikalie mwenye kimo chake. Lakini mtu ameapa, utamwambiaje?

Nikajaribu. Simu hakuna, nikamtuma utingo wa lori linaloenda kwetu: "Waambie nyumbani Shabani ana mahafali Jumamosi, mchana, waje wote."

Kosa langu ndilo hilo, wakuu. MAHAFALI. Nani Kang'ata alikuwa analijua neno hilo? Hata mimi nilikuwa nimelisikia juzi yake.

Lori likaharibika njiani, likaingia kijijini Ijumaa jioni. Utingo akampa ujumbe mama muuza ndizi, naye neno halijui, akaona huyu kakosea kutamka. Akakimbia kwetu: "Shabani amepata MAAFA, muende wote kesho mchana!"

Maafa, halafu muende wote, halafu mchana. Unangoja nini? Mtu kafa, mchana anazikwa.

Jumamosi tukapendeza. Kila fani ikatoa mmoja aeleze tuliyopitia pamoja. Maseremala wakanitoa mimi kwa sababu ya mdomo. Nikasimama mbele ya mgeni rasmi, ndiyo kwanza nafika kwenye stuli ya Yohana, watu wanafuta machozi ya kicheko.

Mara likaingia lori la kijiji.

Kilio kilichokuwa mle ndani, nadhani Pangani walikisikia. Mama, mashangazi, nusu ya Kang'ata. Wana mbuzi, gunia la unga, kuni, kila kitu cha msiba. Na mbele kabisa, sanda begani, viatu hana, kavisahau, Mzee Athumani.

Baba akaona watu wamekaa kwenye viti, wamevaa vizuri. Akapasua katikati: "Yuko wapi mwanangu? Nionyesheni mwanangu!"

Nikasema, "Baba, shikamoo. Niko hapa."

Nusu ya mashangazi wakarudi kwenye lori mbio.

Alikuwepo Mzee Masanja, Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge Korogwe akahamia kwetu. Wanyamwezi ni watani wetu Wazigua, msibani hawalii, kazi yao kuchokoza wafiwa. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Wazigua nyie! Hata kufa hamjui? Marehemu anahutubia!"

Chuo kizima kikalipuka. Mama kanishika masikio, kanipapasa kama anayechagua nazi. Baba hakucheka. Akajishikiza kwa mtu wa jirani, nikaona anataka kuanguka. Mgeni rasmi, mtu muungwana sana, akainuka. "Mzee, karibu, kaa hapa."

Akakaa. Kwenye kile kiti.

Kimemkaa wakuu, kama ganda na njugu! Akavuta pumzi ndefu. Viganja vyake vikaanza kutembea juu ya ile mikono ya kiti, taratibu, anatafuta kasoro. Hakuipata.

"Kiti hiki kachonga nani?"

Nafungua mdomo nijibu. Masanja akaniwahi.

"Marehemu."

Hapo baba akacheka. Alicheka huku machozi yanashuka mpaka kidevuni. Halafu akaniambia mbele ya wote: "Shabani, kumbe na hiki nacho ni chuo."

Mashangazi wakataka kupakia vitu warudi navyo. Masanja akakalia gunia. "Cha msiba hakirudi nyumbani, mkikirudisha mtaita kifo kweli!" Mbuzi akachinjwa, na yale maharage yetu tukayapa likizo. Sanda akaipokonya pia, akaitandika kwenye meza ya vyeti iliyokuwa haina kitambaa. Kwa hiyo mimi cheti changu nimekipokea juu ya sanda yangu. Kama yuko mwingine Tanzania hii ajitokeze.

Baba alirudi Kang'ata juu ya lori, amekalia kiti chake, kama zumbe, chifu wetu wa zamani, anarudi toka vitani.

Nilichojifunza: ukituma neno jipya, litume na maana yake. Na mzazi akikupa mgongo usikate tamaa. Yule aliyeapa mguu wake haukanyagi, siku ya siku alikanyaga peku.

Haya, nimemaliza, kidole kimekufa ganzi. Siku yenu ya kuhitimu nani alikuja ambaye hamkumtegemea? Semeni, nasoma zote, polepole. Na mtakaosema ni chai, nimetunga tu, Yohana yupo Masuguru, ana stuli yake. Karibuni mkaikalie.