Dungu Nililoliacha kwa Ajili ya Mkanda

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimeshavuna mpunga wangu wa mapema kule Michenga, nikajiona bwana mkubwa. Mpunga wa jirani yangu wa shamba, mama mmoja mjane, ndiyo kwanza ulikuwa na maziwa, na mpunga wa maziwa, punje zikiwa bado laini, wale ndege wadogo kwelea hawauachi. Lazima mtu akae dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, tangu alfajiri hadi jua lizame, apige debe na kurusha mawe kwa kombeo. Binti yake akalazwa Ifakara. Asubuhi mama huyo alinijia na mzigo kichwani.

"Nilindie siku tatu tu, mwanangu," aliniambia. "Sina mwingine."

"Nenda, mama. Hapa hatatua kwelea hata mmoja."

Siku ya kwanza nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya pili, mpita njia akitokea mjini alisema banda la video lina mkanda mpya: majambazi wameteka ndege yenye abiria, na mtu mmoja peke yake anawashughulikia. Nilijua kwelea hupumzika jua likiwa kali. Niende saa sita, saa tisa niwe nimerudi. Nikapanda baiskeli.

Nilifurahi mle ndani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kiingereza sikukijua, wala hakikuhitajika. Mbaya alikuwa na sura ya ubaya. Steringi, yaani shujaa wa mkanda, alikuwa abiria wa kawaida, shati limechanika, anatambaa chini ya viti, anawapunguza mmoja mmoja. Hapakuwa na mafumbo. Sisi ambao maisha yetu yalitegemea mvua, mto na walanguzi, tulipewa saa mbili za shida yenye mwisho. Banda zima tulimpigia kelele kumwonyesha adui alipojificha.

Mara jenereta likazimika, rubani ameshakufa na steringi ndiyo kwanza ameshika usukani. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Wakamtuma mtu akatafute. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Pale ndipo nilipopaswa kuondoka. Kila mtoto anajua steringi hafi, na mimi nilijua. Nilikaa saa nzima kwenye benchi nikisubiri kuonyeshwa nilichokuwa nakijua.

Nilifika shambani saa kumi na moja. Kwelea waliruka wote kwa mpigo. Upande mzima wa mtoni mashuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi, hayana kitu ndani. Nikapanda dunguni nikapiga debe kama mwendawazimu, wakati hapakuwa na wa kumfukuza.

Mjane aliporudi nilimpa shikamoo, nikamwambia kwelea walikuja wengi mno, wakanishinda. Alilitazama shamba lake, kisha akanitazama mimi.

"Pole, mwanangu. Umeteseka peke yako."

Ningeweza kusema ukweli hapo.

Kwetu aliyekulindia mpunga hupewa kikapu cha kwanza cha mavuno. Alikileta mwenyewe, kimejaa mpaka juu, na nilikuwa nimeona jinsi gunia lake la pili lilivyobaki nusu. Nilimwambia asinipe, safari hii hapana.

"Ukikataa utanitia aibu," akasema, akaninyooshea.

Nilikipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, nikasema asante.