Koko Alivyonikataza Theluji

Nakumbuka asubuhi moja mtoni, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Leo watu wa Montréal wananiita mwandishi wa riwaya, na kila ninaporudi hapa Kisangani mnaniuliza kazi hii nilijifunza wapi. Nilijifunza kwenye baleinière, ile mashua ndefu ya mbao.

Nilikuwa msichana mdogo. Tulitoka Yanonge na Koko, mama wa mama yangu, tukileta kwanga, mikate ya muhogo, sokoni. Maji yalikuwa yamepungua, mashua ikakwama kwenye fungu la mchanga. Kapiteni akamwamuru mfanyabiashara mmoja ashushe magunia yake ya mchele.

"Yangu tu? Juu ya nini?" Yule bwana akashika kasia kama rungu. Abiria wakapiga kelele, watoto wakalia.

Koko alizoea kutuliza safari kwa hadithi, lakini siku hiyo kikohozi kilikuwa kimemkausha sauti. Akanisukuma mbele. "Simulia."

Nikaanza habari za binti mfalme wa kitabu cha shule, aliyepotea kwenye theluji. (Sikujua bado kwamba Canada ingenishibisha theluji hiyo!) Hakuna aliyegeuza kichwa. Koko akanivuta gauni, akanong'ona kwa ukali:

"Hiyo neige, hiyo theluji yako, uliionaka wapi? Sema mambo yenye unajua."

Basi nikasimulia harusi ya tantine wangu, mama yangu mdogo: jinsi mbuzi alivyoingia kanisani akanyakua shada la maua, na tantine, ndani ya gauni lake jeupe, akamkimbiza hadi mtoni, padri nyuma yake, kwaya nyuma ya padri, bado wanaimba.

"Na bwana harusi?" akauliza mwenye kasia.

"Alibakia kwa altare, papa. Alishikilia viatu vya tantine."

Mashua nzima ikalipuka kwa kicheko. Kapiteni akaketi, akajifuta machozi. Kasia likashuka. Kisha wanaume wakaruka majini, yule bwana wa mchele akiwa wa kwanza, wakasukuma huku wakicheka mpaka mashua ikachomoka. Nilijiona mkubwa kuliko kapiteni.

Mwanangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Vitabu vya mbali visome vyote, vitakufaa. Lakini ukifungua kinywa, anza na watu wa kwenu, na vituko vyao, kwani mwacha asili ni mtumwa. Na anayekukemea kwa mapenzi, usimnunie.

Mungu akupe sikio la kuwasikiliza wazee wako, na ulimi wa kuwachekesha waliokasirika. Ubarikiwe, wewe na uzao wako.