Kitanda Ng'ambo ya Michongoma

Ilipotangazwa kwamba sherehe ya taifa mwaka huo ingefanyika Kericho, mjini kwetu, watu walianza kupaka rangi hata mawe ya kando ya barabara. Mimi nilichukua daftari tupu la shule na kuandika juu yake: MAMA. Alikuwa amenipigia simu kutoka kwake, vilimani nyuma ya Bomet, kunitangazia kwamba kwaya ya akina mama wa kanisa lake imechaguliwa kuimba uwanjani mbele ya rais.

"Na mimi niko," alisema. "Sauti ya chini."

Nilijua uzito wa maneno hayo. Mama alipokuwa msichana wa shule alichaguliwa kuimba katika sherehe kama hiyo. Lori lilijaa kupita kiasi, na walipofika Kapkatet mwalimu akaamua wafupi washuke. Mama alikuwa mfupi kuliko wote. Alisimama kando ya barabara akiwa na gauni la kuazima hadi jioni, wenzake waliporudi wakiimba. Nimekisikia kisa hicho tangu sijajua kufunga viatu, na kila mara anakisimulia kwa hasira mpya kabisa. Niliapa kwamba safari hii hakuna wa kumshusha.

Shida ilikuwa hii. Waimbaji walitakiwa langoni saa kumi na moja alfajiri. Basi la kwaya lingeondoka Bomet usiku wa manane, na mama ana presha na goti bovu. Hangeweza kukesha kwenye kiti halafu asimame hadi mchana. Ilibidi aje siku moja mapema, alale mjini, kisha asubuhi atembee polepole.

Kwa wiki mbili, kila nilipotoka darasani, nilizunguka mji kwa miguu nikiuliza vyumba. Wakubwa walikuwa wamevishika, walinzi wao wakashika vilivyobaki, na watu wa kusimamisha mahema walikuwa wamelala hadi ndani ya ukumbi wa kanisa. Kiptere, nje ya mji, kulikuwa na chumba, lakini barabara ya kuingia mjini ingefungwa kabla ya mapambazuko. Mwishowe nilipata kimoja karibu na soko, kidogo, bila dirisha, nikafurahi hadi nikamkumbatia mhudumu. Siku mbili kabla ya sherehe akapiga simu.

"Madam, pole sana. Kuna mheshimiwa amechukua ghorofa yote."

Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Utauliza: wewe si una nyumba? Ninayo. Iko mwendo wa dakika ishirini kutoka uwanjani, na ina kitanda cha wageni na blanketi mbili nzito. Lakini ni nyumba ya mume wangu, na mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Mume wangu ni mtu wa ziwani, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Mimi ni Mkipsigis. Watu wetu wamebishana juu ya mambo mengi, lakini hilo walikubaliana kabla hata hawajaonana. Hata hivyo nilijaribu.

"Mama, yeye atalala kiwandani. Hatakuwa hapa."

"Na nyumba itaenda kiwandani pia?"

"Ni usiku moja tu, mama."

"Hata kama. Afadhali nilale kwa stendi."

Nilikata simu kwa hasira, nikalia jikoni huku nikisonga ugali. Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Yeye na mama hawajawahi kula meza moja. Hujuliana hali kupitia kwangu. Alipita kwenye mwanya wa ua wetu wa michongoma hadi kwa jirani, mjane anayeuza mboga, ambaye nyumba yake ilikuwa imejaa kaka zake watano waliokuja kwa sherehe. Aliporudi alianza kusukuma viti vya sebuleni ukutani.

"Hao wanaume watano wanalala hapa kwetu," alisema. "Mama analala huko, kwa kitanda ya jirani. Mimi nitalala chini na wao."

Mji mzima nilikuwa nimeumaliza, na kitanda kilikuwa hapo ng'ambo ya ua. Nilimpenda mwanaume huyo upya jioni ile. Naandika hapa kwa sababu sikumwambia.

Mama alikuja akiwa na sare yake kwenye mfuko na stuli yake ya kukamulia ng'ombe, kwa ajili ya goti. Alilala vizuri. Alfajiri tulitembea polepole kwenye ukungu, tukapumzika mara tatu, na tukafika langoni kabla ya mtu yeyote.

Kwaya haikuwepo. Nilipiga simu: basi lilikuwa limezuiwa nje ya mji, wanakuja kwa miguu. Saa ikasonga. Askari wa langoni akatuambia anakaribia kufunga.

"Shosho, ingia wewe. Hao wengine wamechelewa."

"Ingia, mama!" nilisema. Nilikuwa karibu kumsukuma. Wiki mbili za kuzunguka, wanaume watano sebuleni kwangu, na lango liko wazi mbele yake.

"Niingie niimbe na nani?" aliniuliza. "Mimi najua vile mtu huachwa."

Akaweka stuli yake katikati ya lango, akaketi.

"Goti imekataa," alimwambia askari. "Ngoja kidogo, mtoto yangu."

Nakijua kinywa cha mama goti linapomuuma, na asubuhi ile halikuwa likimuuma hata kidogo. Askari alitazama saa, akatazama wakubwa wake kwa mbali, akanitazama mimi. Niliona aibu. Kisha nikapiga magoti kwenye changarawe nikaanza kulisugua lile goti lisilouma kwa mikono miwili.

Walitokea kwenye kona wakikimbia, viatu mkononi, sketi zimelowa umande. Walipita kushoto na kulia kwa stuli huku mama akiwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, bila haraka. Wa mwisho alipoingia, mama alisimama bila kushikwa mkono, akachukua stuli yake na kumgeukia askari.

"Sasa funga."