Siku Niliyowashukuru Wasomaji Ambao Hawakunisoma

Watu wa upande wa Shinyalu wakitaka kunicheka mpaka leo, wanangoja tu nipite sokoni nikiwa nimebeba jani lolote, hata la sukuma wiki, maana aibu niliyoipata pale uwanjani haijazeeka, na kwa kuwa mtaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi, afadhali niisimulie mwenyewe.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa nafundisha kupiga chapa na kompyuta kwenye chuo kimoja kidogo pale Amalemba, nikikaa kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa na fahali wa kupigana aitwaye Tingatinga. Sisi wa Navakholo tumezaliwa kwenye miwa na mahindi, mambo ya kupiganisha mafahali hatuyajui, lakini mimi ndiye niliyemlisha kila jioni, nikiita "Tingatinga, Tingatinga," naye anakuja kula vilele vya miwa mkononi mwangu, na nikampenda kupita kiasi. Ndipo nikamfungulia ukurasa kwenye mtandao. Niliandika habari za hasira zake, usingizi wake, na mapigano yote niliyosimuliwa na mjomba (yalifanyika Jumamosi asubuhi nikiwa darasani, sikuwahi kuona hata moja).

Shida ni kwamba kuingia mtandaoni ilikuwa ni kompyuta kupiga simu Nairobi kwa gharama ya chuo, laini inakatika, unapiga tena, na mwenye chuo akawa ananiuliza kwa upole, "Agneta, kwani huyu ng'ombe anasomwa na nani?" Nambari ya kuhesabu wageni ilikuwa inapanda, ndiyo, lakini nilishuku kwamba mgeni ni mimi. Nikaamua kwamba nikiwaona wasomaji kwa macho yangu nitaendelea, nisipowaona nafunga. Nikaandika kwamba yeyote anayetaka ukurasa uendelee aje Shinyalu Jumamosi ambayo Tingatinga atapigana, ashike tawi lenye majani, nami nitamjua. Kisha nikaomba ruhusa kazini.

(Mnaoujua mchezo huu mmeshaanza kucheka. Sawa, chekeni.)

Nilifika uwanjani kumepambazuka, ngoma za isukuti zinalia, watu wanashuka kutoka kila upande, wazee kwa vijana, na kila mmoja ana tawi lake mkononi. Kila mmoja. Machozi yalinitoka, nikajiona nina wasomaji kuliko gazeti. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mashabiki wa mafahali hubeba matawi tangu enzi za babu zao, na mimi sikumwuliza mtu.

Nikamwendea jamaa wa kipaza sauti, nikamwambia natoka nyumbani kwa Tingatinga na nina neno fupi la shukrani, akanipa. Mafahali walikuwa tayari wametazamana, wanachimba vumbi.

"Nawashukuru nyote mliokuja na matawi," nikasema. "Sikujua mnanisoma."

Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Kwani matawi ni yako? Sisi tunabebanga matawi kabla mama yako azaliwe." Mwingine akataka kujua kama nimetumwa na watu wa msitu, wale wa kukamata wanaokata miti. Vicheko vikaanza, na mimi, badala ya kurudisha kipaza sauti niende zangu, nikataka kujieleza. "Ni ukurasa wa Tingatinga," nikasema, na kwa kuwa sauti ilikuwa inatetemeka, nikarudia, "Tingatinga."

Fahali akasikia. Akainua kichwa, akamwacha mwenzake pale pale, akageuka na kuja mbio, watu wakimpisha kwa kukanyagana, mpaka akanifikia na kuanza kuninusa mikono akitafuta miwa. Kwa sheria za pale, fahali akigeuza mgongo ameshindwa. Wa upande wa pili wakamwinua mwenye fahali wao juu juu kwa nyimbo, nami nimesimama na kipaza sauti, nalambwa kiwiko.

Mjomba alikuja polepole akashika kamba. "Agneta," akasema, "miaka yote hii nimekuwa nikimlinda na wachawi, kumbe ni wewe ningekufungia nyumbani." Halafu akacheka mpaka akaketi chini, na hapo ndipo nilipopata pumzi, kwa sababu uwanja mzima kunicheka ningevumilia, lakini mjomba kuninunia nisingeweza.

Nikaapa kwamba Jumatatu nafunga ukurasa. Tukiwa njiani tunamrudisha Tingatinga, mama mmoja mzee akatufuata, viatu mkononi, amebeba tawi la mpera lenye mapera mabichi.

"Wewe ndio ule wa kuandika ng'ombe?" akauliza. "Nimetoka Malava. Kijana yangu ako Kanada, alipiga simu kwa duka, akasema nikate tawi ya mpera yetu nikuletee. Anakusomanga, anasikia kama ako nyumbani. Anasema usifunge."

Nikamwuliza mbona hakujitokeza wakati nachekwa.

"Ningejitokeza aje, mwanangu? Kila mtu alikuwa na tawi."

Jumatatu nikapiga simu Nairobi, laini ikakatika, nikapiga tena. Niliandika kwamba Tingatinga ameshindwa, nikaeleza sababu bila kuficha, na mwisho nikaandika kwamba mpera wa Malava umezaa. Ukurasa nikauacha wazi kwa ajili ya yule mmoja. Ila nilijiapiza sitashika tena kipaza sauti karibu na mnyama ninayemlisha, na kiapo hicho nimekitunza: hata siku ya harusi yangu, Tingatinga akiwa amefungwa nyuma ya nyumba, wageni niliwashukuru kwa kunong'ona.