Ufunguo wa Kanisa la Wasuka Kamba

Bi Vincenza alikuwa na miaka sita hajakanyaga chini. Magoti yalimgomea, na kutoka ghorofa ya nne hadi uchochoroni ni ngazi themanini na mbili. Lakini ufunguo wa kanisa la wasuka kamba, lililotazamana na roshani yake, ulikuwa bado kwake, kama ulivyokuwa kwa mama mkwe wake. Mgeni akitaka kuliona lile kanisa kuukuu husoma kibao mlangoni, hugeuka, huita juu. Bi Vincenza humteremshia ufunguo kwa kikapu na kamba. Mgeni akimaliza hufunga, huurudisha kikapuni, huvuta kamba mara mbili. Mtaa ule wa Palermo hata mkate hununuliwa hivyo hivyo, na ufunguo haukuwahi kupotea.

Kamba yenyewe aliisuka mumewe, Gaspare, msuka kamba wa mwisho mtaani. Alifariki Februari. Kila mwaka, siku moja ya Oktoba saa kumi na moja jioni, padri huja kusoma humo ndani majina ya wasuka kamba wote waliokufa. Mlango huachwa wazi, na Bi Vincenza husikiliza kutoka juu. Leo jina la Gaspare lingesomwa kwa mara ya kwanza. Padri Calogero alishamwambia kuwa ndiyo mara ya mwisho pia. Wasuka kamba wamekwisha, na yeye ana makanisa matano ya kuhudumia.

Saa nane mchana maduka yamefungwa, watu wamelala, akaja mwanamume mrefu mwenye kofia ya buluu. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alifunga vizuri, akautikisa mlango kuhakikisha. Halafu akatoa simu apige picha ya mnara, na ili mikono yote iwe huru akatia ufunguo mfukoni. Akapiga picha, akaanza kwenda.

Bi Vincenza akaita. Akatikisa kamba, kikapu kikagongagonga ukuta. Mgeni akageuka, akamwona, akatabasamu, akampungia mkono. Bi Vincenza akazidi kutikisa. Mgeni akapunga mikono yote miwili, akakata kona.

Akampigia simu Ignazio, muuza mboga wa chini, simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga kwa padri, akaambiwa ufunguo wa pili ulipotea zamani. Ignazio alipofungua duka saa kumi na kuelezwa, kwanza alileta utani.

"Mwanamume mrefu anakupungia mikono miwili, Bi Vincenza, nawe unamwacha aende?"

Akaona hacheki. Akavua aproni, akakimbilia uwanja wa karibu wanakojaa watalii. Alirudi ametota jasho. Meli kubwa imeshusha watu, alisema, na kofia za buluu huko hazihesabiki.

Saa kumi na moja Padri Calogero akafika na kitabu kwapani. Wanawake saba walikuwa wakimngoja na maua. Akausukuma mlango kwa bega, mlango haukutikisika. Fundi makufuli alisema atakuja kesho. Mke wa Ignazio akaomba majina yasomwe hapo hapo kwenye ngazi za kanisa. Padri akakataa kwa upole: wasuka kamba wenyewe waliandika kitabuni kwamba yasomwe mbele ya altare yao, si kwingine. Halafu akatazama saa, akatazama juu.

"Bi Vincenza, unisamehe. Kuna watu wananisubiri."

"Na Gaspare anasubiri, Padri."

Alisema kwa sauti ndogo. Padri akaweka kiganja sikioni. Bi Vincenza akatikisa kichwa kwamba si kitu, na padri akaenda zake.

Wanawake wakaacha maua mlangoni. Giza lilipoanza kuingia, kamba ikavutwa mara mbili. Chini alisimama yule mgeni, kofia mkononi, uso mwekundu. Kikapuni alikuwa ameweka ufunguo na boksi la keki za lozi. Ignazio akauliza ampige au amshukuru.

"Mwache," Bi Vincenza alisema. "Anakaribia kulia."

Akapandisha kikapu, akatoa keki, akauteremsha ufunguo tena.

"Fungua, Ignazio."

"Nimfungulie nani? Padri ameshaondoka."

"Fungua tu."

Ignazio akafungua, akawasha taa. Alisimama katikati ya kanisa tupu, hajui aweke wapi mikono, akimtazama Bi Vincenza kupitia mlango ulio wazi, amwambie la kufanya.  Bi Vincenza aliishika kamba ya Gaspare akaangalia ule mwanga, uliofika kizingitini na kuishia hapo.