Maswali Tuliyojibu kwa Imani

Mgeni aliyeingia nyumbani kwetu, mtaani Jericho, miaka ile alivua viatu mlangoni, kwa sababu sakafu yetu ilikuwa ya simenti nyekundu na binti yangu hakuwa na mchezo na sakafu. Alipotoka, mgeni hakuvikuta viatu vyake alipoviacha. Alivikuta vimo kwenye mstari, vidogo mbele, vikubwa nyuma, visigino vyote vimegusa ukuta. Hiyo ilikuwa kazi ya mjukuu wangu. Ukitia mguu kiatuni kabla hajamaliza, alipiga ukelele hadi wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani wakanyamaza.

Alikuwa amefikia umri wa kwenda shule na hajasema neno. Akiitwa jina hakugeuka. Akitaka maji alinishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu kwenye kikombe kana kwamba mkono ule ni wake. Watoto wa uani walimwita bubu, lakini bubu hakuwa, maana nyimbo za kanisani alizivumisha puani toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, bila neno hata moja, na sauti haikupotea njia. Leo hali hiyo ina jina, usonji, na watu hulitamka redioni. Katika miaka ile ya tisini mimi sikuwa na jina la kuipa. Wakwe wa binti yangu walikuwa nalo: walisema ni laana ya mama, wakamrudisha kwangu pamoja na mtoto. Niliwapokea, nikamshukuru Mungu kwamba vyumba vyangu viwili vilikuwa na nafasi.

Nilikuwa nimestaafu udereva wa lori huko Industrial Area. Nilikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa katekisimu, nikiwaandaa watu kwa ubatizo. Naeleza haya ili mtu asije akadhani nilikuwa mpinga maombi. Nimeomba tangu ujana wangu na bado naomba.

Ila upepo mpya ulikuwa umevuma makanisani kwetu. Watu walifundishwa kukiri kwa imani. Mgonjwa hakusema anaumwa, alisema amepona. Asiye na kazi alisema ameajiriwa. Ukimwuliza mtu habari za asubuhi, alikujibu, "Ni ushindi." Jirani yangu mmoja, mchonga vinyago kutoka Ukambani, alilalamika kwamba huwezi tena kumpelekea mtu uji. "Utampelekea nani, Mzee, na wote wamepona?"

Binti yangu aliyashika mafundisho yale kwa mikono miwili. Simlaumu. Mwanamke ameambiwa yeye ni laana, kisha akaja mwingine akamwambia kwamba ulimi wake unaweza kumponya mtoto. Angefanya nini?

Basi watafiti wakaja. Nesi wa kliniki ya mtaa ndiye aliyetutangulizia habari. Daktari mmoja mwanamke, aliyesomea ubongo wa watoto na jinsi unavyokua, alikuwa akiwatafuta watoto wasiosema na wasioitika, kuanzia kwetu hadi mtaa wa Mowlem. Kwanza wasaidizi wake wangepita nyumba kwa nyumba wakiwauliza akina mama maswali. Mtoto ambaye majibu yangeonyesha ana shida angeitwa, aangaliwe na daktari mwenyewe, kisha aingie katika darasa dogo walilokuwa wakilifungua karibu na kliniki, lenye mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo. Shule ya msingi ilikuwa imetukataa. Mlango uliobaki ulikuwa huo mmoja. Nilishukuru kabla hata hawajafika.

Msaidizi mmoja, msichana, alifika Alhamisi alasiri, na Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika wa akina mama. Wiki hiyo ushirika ulikuwa kwetu. Akina dada hawakuondoka, walibanana kwenye makochi wakampa msichana yule kiti. Kiongozi wao, mama ambaye angeweza kuongoza wimbo uwanjani bila kipaza sauti, alikaa ubavuni mwa binti yangu.

"Mtoto anaongea?" msichana akauliza.

"Anaongea," akasema binti yangu.

"Amina," wakaitikia wote.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaulizwa kama mtoto huitika akiitwa, akasema huitika. Je, hucheza na wenzake? Hucheza vizuri sana. Humtazama mtu machoni? Humtazama. Kila jibu lilifuatwa na Amina, na yule msichana mwenye adabu, ambaye nadhani hakulelewa katika makanisa kama yetu, akachukua kila jibu kama alivyopewa. Angejuaje? Nilipofungua kinywa, kiongozi aliniinulia kiganja. "Mzee, mwache mama ajibu." Msichana naye akasema kwa upole kwamba ndiyo, maswali ni ya mama.

Muda wote huo mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni, ametupa mgongo, akipanga viatu vya ushirika mzima. Msichana alipotoka akaviona, akafurahi. "Huyu ni msafi," alisema. "Mna bahati."

Wiki iliyofuata nesi alituletea jibu kwamba mtoto wetu hana shida yoyote, na tunashukuriwa kwa muda wetu. Mimi niliona mlango umefungwa. Ushirika uliona muujiza. Kiongozi alitangaza kwamba hata wasomi wamekubali mtoto ni mzima, akapanga shukrani ya Jumapili, na binti yangu akaandaliwa kutoa ushuhuda.

Nilimngoja arudi kutoka sokoni, alikokuwa akiuza mitumba ya watoto. Nilimngoja anawe, ale.

"Anaongea?" nilimwuliza.

"Baba, usinivunje imani."

"Sikuvunji. Sasa ni mimi ninayekuuliza."

Aliniambia kwamba akitamka kuwa mtoto haongei, kinywa chake ndicho kitakachomfunga mtoto maisha yote. Kwa maneno hayo nikaelewa kwamba kilichomshika ni hofu, naye ameipa jina la imani. Nikamwambia nimefundisha watu imani miaka mingi na sijaona mahali Bwana alipomponya mtu aliyemwambia haumwi. Vipofu waliomwendea walimwambia hawaoni. Nikamwambia Mungu alijua kwamba mtoto huyu haongei kabla sisi hatujajua, na bado hajamkimbia. Alilia, nami sikumsukuma zaidi.

Asubuhi nilikwenda kliniki nikamwona daktari. Nilimweleza kwamba tulijibu kwa imani. Ilimchukua muda kunielewa. Aliponielewa, aliuliza kama nyumba nyingine zimejibu hivyo. Nikamwambia kwamba pale ambapo kuna ushirika, sitashangaa. Akashika kichwa kwa mikono miwili, halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Alisema atakuja mwenyewe kuuliza upya, lakini jibu lazima litoke kwa mama, na nafasi yake ilikuwa Alhamisi tu.

Kiongozi alipata habari, akaja kunisimamisha nje ya kanisa mbele za watu.

"Mzee, unataka kumrudishia mtoto ugonjwa aliokwisha kuvuliwa?"

"Mama, ugonjwa ukivuliwa huachwa mahali. Nionyeshe ulipo."

Akasema wazee wenzangu watalisikia. Nikamwambia watalisikia kwangu kwanza.

Ningeweza kuwaomba akina dada wahamie nyumba nyingine Alhamisi ile. Sikutaka. Jibu la kwanza lilitolewa mbele yao, na la pili nilitaka litolewe papo hapo. Daktari alivua viatu kama kila mtu, akaviacha kwa mtoto, na badala ya kukaa kwenye kiti akaketi sakafuni karibu na mlango. Kwa kitambo alitazama tu vile vidole vidogo vikisukuma visigino ukutani. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Mama, mtoto wako anaongea?"

Kiongozi akaanza kuvuta wimbo chini chini, na mwingine akaupokea. Niliona midomo ya binti yangu ikijiandaa kusema lile lile la kwanza. Nikasimama.

"Nyumba hii ni yangu," nilisema, "na mimi ni mzee katika kanisa lenu. Atakayeitikia Amina hapa leo, aitikie jambo la kweli."

Wimbo ukakatika. Binti yangu alinitazama, kisha akatazama mgongo wa mtoto wake.

"Haongei," akasema. "Hajawahi kuniita mama."

Hakuna aliyeitikia. Mtoto hakugeuka, aliendelea na viatu. Basi nikasema peke yangu, kwa sauti yangu ya katekisimu:

"Amina."

Maswali yaliyobaki aliyajibu moja baada ya jingine, huku machozi yakimtoka na sauti ikizidi kunyooka. Mwishoni yeye ndiye aliyeuliza. Alitaka kujua kama ni yeye aliyemfanya mtoto awe hivi. Daktari alimwambia hapana. Ubongo wa mtoto huyu, alisema, ulianza kukua kwa njia yake tangu tumboni, na kwa nini, wao wenyewe hawajui bado, ndiyo maana wanazunguka na maswali. Dawa hakuwa nayo, na hakutaka kumdanganya. Alichokuwa nacho ni mwalimu. Nikamwambia, "Wewe pima, mimi niombe. Hatutagongana." Akasema amekubali.

Alipokuwa akitafuta viatu vyake kwenye mstari, dada mmoja, aliyekuwa ameitikia Amina kwa nguvu kuliko wote mara ya kwanza, alimfuata mlangoni. "Daktari," alinong'ona, "ukitoka hapa upitie kwangu."

Jumapili ya shukrani haikufutwa. Binti yangu hakutaka kusimama, nikasimama mimi. Nilimshukuru Mungu mbele ya kanisa lote kwamba mjukuu wangu haongei, na kwamba Jumatatu anaanza darasa. Kuna waliotoka nje. Wazee wenzangu waliketi wakaamua nipumzike kufundisha katekisimu kwa muda, hadi nitakapotubu maneno yale. Niliwaambia nitapumzika, lakini kutubu ukweli sijui kunafanywaje. Nikahamia benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na mtoto. Benchi la mbele huwezi kukaa na mtu anayevumisha wimbo ambao kanisa limekwisha kuumaliza, na pale nyuma aliuvumisha hadi mwisho, nami nikavumisha naye. Baadaye wazee waliniita nirudi kufundisha bila kutaja toba. Nilirudi, lakini benchi sikubadilisha.

Sasa mjukuu wangu ni mwanamke mzima. Ana maneno machache aliyofundishwa katika darasa lile, na huyatumia akitaka mwenyewe. Neno mama halimo. Binti yangu ameacha kulisubiri. Jioni akiingia kutoka sokoni, mwanawe humvua viatu, huviweka ukutani mbele ya vingine vyote, ingawa si vidogo, na hakuna mwingine anayefanyiwa hivyo.

Watu wa kanisa wangali wananiuliza, wakitumaini nitakiri. "Mzee, mjukuu anaongea siku hizi?" Mimi huwajibu kwamba haongei, isipokuwa maneno machache. Kisha nasema Mungu asifiwe, kwa sauti ile ile, na kungoja nione nani ataitikia.